Panga miezi mitatu ya baadaye kwanza: mwongozo wa uzazi kwa mwanamke mwenye MS, Nyanda za Juu Kusini

Nesi mmoja aliitazama fimbo yangu, halafu akanitazama usoni, akasema, "Sasa dada, kwa miguu hiyo utazaaje?" Nilikuwa nimekwenda kuuliza tu habari za mtoto wa pili. Sikumjibu. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje mpaka bajaji ikaja, nikarudi zangu nyumbani Uyole. Mtoto huyo leo ana miaka 4. Swali la nesi yule bado nakutana nalo, ila siku hizi linatoka kwa wanawake wenyewe wenye MS, ugonjwa wa neva nitakaoueleza hapa chini, wa Iringa, wa Makambako, wa Tukuyu, na wananiuliza kwa sauti ya chini kama watu wanaoungama. Nitazaaje?

Mimi si daktari. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nina MS kwa miaka 11, na nimezaa mara mbili nikiwa nayo. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa madaktari wangu, kwa kusoma sana, na kwa kukosea. Kubwa ninalotaka ulishike ni hili: wengi wetu tunaiogopa mimba, kumbe kwa mwenye MS mimba yenyewe mara nyingi ndiyo kipindi cha nafuu. Pa kupaangalia ni pawili. Pa kwanza ni dawa unazotumia kabla ya kushika mimba. Pa pili ni miezi 3 ya kwanza baada ya kujifungua. Kwa hiyo panga kinyumenyume: anza na ile miezi 3, rudi kwenye dawa, halafu ndipo uje kwenye mimba.

Kabla ya yote, jua unachokiogopa

MS, yaani multipo sklerosisi, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuishambulia ala inayofunika neva za ubongo, uti wa mgongo na macho. Ndiyo maana mwezi huu jicho linaingia ukungu, mwezi ujao mguu unakufa ganzi, halafu hali inatulia. Kila dalili zikizuka namna hiyo tunaita shambulio. Unawapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume, na mara nyingi unaanza kati ya miaka 20 na 40, umri uleule ambao ukoo mzima unauliza, "Vipi, bado?"

Zamani madaktari waliwakataza wanawake wenye MS wasizae. Waliamini mimba itawamaliza. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wajawazito 254 wenye MS katika nchi 12 za Ulaya. Mashambulizi yalipungua kadiri mimba ilivyokua, yakawa machache kabisa katika miezi 3 ya mwisho. Baada ya kujifungua yakapanda kupita kawaida kwa miezi 3, kisha yakarudi pale yalipokuwa kabla ya mimba. Karibu wanawake 3 kati ya 10 walipata shambulio katika miezi hiyo 3. Hao 7 waliobaki nao ni wa kuwakumbuka, maana ukiwa na hofu unawasikia wale 3 tu.

MS haizuii mwanamke kushika mimba. Wala haimletei mtoto ulemavu. Kuhusu kurithi: mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana MS ana uwezekano wa kama 2 au 3 kati ya 100 kuja kuupata. Upo juu kuliko kwa mtoto mwingine, lakini 97 kati ya 100 hawaupati. Namba hii iweke kichwani kwa ajili ya siku ile shangazi atakaposema kwenye kikao kwamba unaingiza ugonjwa kwenye ukoo.

Hatua ya 1: Jiulize wewe kama unataka

Nimeiweka hatua hii ya kwanza kwa sababu huku kwetu huwa inarukwa. Mwanamke anaulizwa lini, haulizwi kama. Wakishajua ana MS, swali linageuka kuwa amri ya upande wa pili: usizae kabisa, utakufa, utamtesa mtoto. Amri zote mbili zinatolewa na watu ambao usiku mtoto akilia saa 8 hawatakuwepo.

Kaa na mwenzako, mkiwa wawili tu, mjibu maswali haya kwa ukweli. Siku ambayo mikono yangu haina nguvu, nani atambeba mtoto? Siku ninayolala mchana kutwa kwa uchovu wa MS (si uvivu, na aliyeuonja anaujua), nani atapika? Kipato chetu kinatosha kumlipa dada wa kazi hata kwa miezi 4? Kama majibu hayapo, haina maana usizae. Ina maana unajua sasa kazi ya kufanya kabla.

Kuna wanaoamua kutozaa, au kuishia na mmoja. Rafiki yangu wa Mafinga, naye ana MS, anamlea mtoto wa dada yake aliyefariki. Mtoto anamwita mama, na yeye haoni kwamba amekosa kitu. Kwa atakayetaka kumwasili mtoto kisheria, pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Uamuzi wa namna hii ni kamili kama ule wa kuzaa watano, na hudaiwi maelezo na mtu.

Hatua ya 2: Hakikisha kwamba ni MS kweli

Upo ugonjwa mwingine unaofanana sana na MS, unaoitwa nyuromaielitisi optika. Nao unashambulia macho na uti wa mgongo, na kwa watu wenye asili ya Afrika ni wa kuufikiria kila mara. Unatofautiana na MS hasa kwenye mimba: mwenye ugonjwa huo haponi kwa nafuu ya ujauzito kama sisi, dawa zake ni nyingine, na baadhi ya dawa za MS zinamzidishia. Kipimo kinachosaidia kuutambua ni cha damu, kinatafuta kingamwili za akwaporini-4. Kama hujawahi kupimwa, uliza. Kila nitakachosema kuanzia hapa kinamhusu mwenye MS.

Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini njia ya kawaida inaanzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na mara nyingi inaishia Dar es Salaam, Muhimbili, kwa daktari bingwa wa neva. Safari ya Dar ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Usiende kichwa wazi. Beba picha zako zote za MRI, hata zile za zamani, na karatasi moja yenye tarehe za kila shambulio. Muulize daktari waziwazi: hali yangu imetulia kiasi cha kushika mimba? Madaktari wengi hupenda upitishe kama mwaka mzima bila shambulio, kwa sababu mwanamke aliyeingia kwenye mimba akiwa ametulia huwa anatoka ametulia zaidi.

Hatua ya 3: Pitia dawa, moja baada ya nyingine

Hapa ndipo nilipokosea kwenye mimba ya kwanza. Tulipoamua kutafuta mtoto niliacha dawa zote siku hiyohiyo, bila kumuuliza mtu, nikidhani namlinda mwanangu. Mimba haikuja mwezi ule wala uliofuata. Mwezi wa 5 nikapata shambulio, mguu wa kulia ukagoma. Fimbo ninayotembea nayo ilianza hapo. Mtoto hakuwepo bado tumboni, na mimi sikuwa na dawa ya kunilinda. Nakuomba usirudie nilichofanya.

Andika kila unachomeza, unachochoma na unachowekewa kwa dripu, pamoja na tarehe ya dozi ya mwisho. Kwenye boksi majina yameandikwa kizungu, ukiyasoma kwa sauti utayatambua hapa.

Zipo ambazo hazikai nyumba moja na mimba. Teriflunomaidi ni ya kwanza: inaweza kubaki kwenye damu hadi miaka 2 baada ya kuiacha, na ni hatari kwa mtoto. Habari njema ni kwamba inasafishika. Unapewa kolestiramini au mkaa maalumu wa hospitali kwa siku 11, kisha damu inapimwa kuhakikisha imetoka. Fingolimodi inatakiwa iwe imeachwa miezi 2 kabla ya mimba, lakini ukiiacha ghafla bila dawa nyingine ya kushika nafasi yake ugonjwa unaweza kurudi kwa hasira kuliko mwanzo. Kladribini inahitaji miezi 6 tangu kidonge cha mwisho, na hapo hata mwanaume anayeitumia anahusika. Methotreksati haitakiwi kabisa. Siklofosfamidi na mitoksantroni zinaweza kuzima ovari moja kwa moja, kwa hiyo kama daktari anakupendekezea mojawapo na wewe bado unataka watoto, mwambie kabla ya dripu ya kwanza.

Zipo za upole. Glatirama na interferoni beta unaweza kuendelea nazo mpaka siku unapojua una mimba, na kwa baadhi ya wanawake daktari anaamua ziendelee hadi mwisho. Mimba yangu ya pili niliipata nikiwa kwenye interferoni.

Halafu zipo za mahesabu. Rituksimabu inatolewa kwa dripu na kazi yake inadumu miezi mingi, kwa hiyo daktari anaweza kukupangia udungwe, usubiri muda fulani, ndipo utafute mtoto ukiwa bado una kinga ya dozi ile. Natalizumabu nayo haiachwi ghafla. Hizi usizipangie mwenyewe hata siku moja. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza glatirama, kladribini na rituksimabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na hizo ndizo za kwanza za MS kuingia humo. Ukienda kuomba dawa ukaambiwa huo ni ugonjwa wa wazungu, litaje jambo hilo.

Usisahau dawa ndogondogo za dalili. Valproeti ni hatari kubwa kwa mtoto. Kabamazepini nayo ina matatizo, na zaidi inapunguza nguvu za vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Modafinili vivyo hivyo. Baklofeni ya kulegeza misuli ikibidi kupunguzwa inapunguzwa taratibu, kwa sababu kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege.

Na kama umegundua una mimba ukiwa tayari kwenye dawa? Piga simu au nenda hospitali siku hiyohiyo. Usikimbilie kwa mtu wa uchochoroni kuitoa. Kwa dawa nyingi, mimba ikigundulika mapema mtoto anakuja salama, na hata teriflunomaidi inasafishwa mimba ikiwa imeingia. Nimempoteza mwanamke mwenzangu kwa hofu ambayo simu moja ingeitibu, kwa hiyo hapa nasema kwa uchungu.

Jambo la kawaida kabisa linalosumbua huku kwetu: sindano za interferoni na glatirama zinatunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na nyingi zinatoka Dar kwa basi. Kiboksi cha barafu, taulo kati ya barafu na dawa ili zisigande, na mtu wa kukipokea stendi saa ileile basi linapofika. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa 6 si friji. Nimeshaona mtu ameziweka dirishani akidhani inatosha.

Folic asidi anza angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, mikrogramu 400 kwa siku.

Hatua ya 4: Mpaka wakati ufike, jikinge

MS peke yake haikukatazi njia yoyote ya uzazi wa mpango. Angalia mambo matatu tu. Kama unakaa kitini au kitandani muda mrefu, vidonge vyenye estrojeni vinaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kama unatembea kwa shida, sindano ya miezi 3 inaweza kudhoofisha mifupa ikitumika kwa miaka. Kama unatumia kabamazepini au modafinili, usitegemee vidonge wala kijiti. Kitanzi hakina hata kimoja kati ya hayo, na mikono yenye ganzi haihitaji kukumbuka kitu kila siku.

Hatua ya 5: Mimba ikishaingia

Anza kliniki mapema, hudhuria yote. Vyandarua, dawa za damu, kipimo cha virusi vya UKIMWI, chanjo ya pepopunda: pokea kama mama mwingine. Chanjo ya pepopunda si ya vijidudu hai, haina shida na MS.

Tatizo la kipindi hiki ni kutofautisha. Kukojoa mara kwa mara, choo kigumu, uchovu, vidole kufa ganzi usiku, yote hayo ni ya mimba na yote ni ya MS. Kanuni niliyopewa ni hii: dalili mpya, inayodumu zaidi ya saa 24, wakati huna homa wala maambukizi, ndiyo ya kuitilia shaka kama shambulio. Joto la mwili likipanda, dalili za zamani zinafufuka zenyewe kisha zinaondoka joto likishuka. Ukiwa umeshuka Kyela kwenye msiba ukarudi na miguu mizito, pima malaria kwanza. Pima na mkojo pia, kwa sababu UTI kwetu sisi ni mgeni wa kila mara na wakati mwingine haiumi.

Lakini kuna pahali ambapo kusema "ni MS yangu tu" kunaua. Baada ya wiki ya 20, ukiumwa kichwa kikali, macho yakaingia ukungu au kuona nyota, uso na mikono ikavimba, au maumivu chini ya mbavu za kulia, hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba mpaka presha na mkojo vipimwe na kuthibitisha vinginevyo. Sisi tumezoea macho kuingia ukungu. Mazoea hayo ndiyo ya hatari. Mwambie na mumeo, mwambie na jirani mwenye gari.

Shambulio likija kweli na likiwa zito, methiliprednisoloni ya dripu inaweza kutolewa kwa siku 3 hadi 5 hata ukiwa mjamzito, ila miezi 3 ya mwanzo daktari atakuwa mwangalifu zaidi. MRI bila dawa ya kung'arisha picha inaruhusiwa.

Hatua ya 6: Andika karatasi ya kujifungulia

Utakapofika wodini ukiwa na uchungu hutaweza kueleza MS ni nini, na zamu itakuwa imebadilika. Andika karatasi moja, ibane kwa pini kwenye kadi ya kliniki. Yangu ilisomeka hivi:

"Nina MS. Si kifafa na haiambukizi. Mguu wangu wa kulia ni dhaifu, nikisimama nishikwe. Ninaweza kuzaa kwa njia ya kawaida. Oparesheni iwe kwa sababu za uzazi tu. Ganzi ya mgongoni inaruhusiwa. Nachoka haraka, naomba nipumzishwe kati ya uchungu. Chumba kisiwe na joto kali. Dawa ninazotumia ni hizi. Namba ya daktari wangu ni hii."

Mstari wa ganzi ya mgongoni niliupigia mistari miwili chini, kwa sababu wapo wanaoogopa kuitoa kwa mwenye MS, na hakuna haja. Kama umewahi kutumia vidonge vya prednisoloni kwa muda mrefu, ongeza mstari huo pia. Na kama una jeraha la MS sehemu ya juu ya uti wa mgongo, huenda usiusikie uchungu unavyoanza au presha ikapanda ghafla wakati wa kujifungua. Wewe usisubiri nyumbani, kakae karibu na hospitali wiki za mwisho.

Jifungulie hospitali yenye uwezo wa oparesheni. Kwa Mbeya wengi wetu tunakwenda Meta, kitengo cha wazazi cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Anayeishi kijijini Makete au Ludewa akapange mapema pa kufikia, hasa kama tarehe yake inaangukia masika, barabara zikiwa tope.

Hatua ya 7: Miezi mitatu

Sasa tumefika pale nilipokwambia uanzie.

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Ni karibu kabisa na ule muda ambao mashambulizi yanapanda. Usiile likizo hiyo kabla ya kujifungua kama unaweza kuepuka, na usiitumie kupokea wageni. Ukirudi kazini una haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha.

Kunyonyesha. Nyonyesha kama unataka na kama dawa yako inaruhusu. Tafiti nyingi zimeona kuwa wanaonyonyesha maziwa ya mama pekee wanapata mashambulizi machache katika miezi hiyo. Interferoni na glatirama zinaruhusiwa. Teriflunomaidi, fingolimodi na kladribini haziruhusiwi. Ukiwekewa methiliprednisoloni, subiri saa 2 hadi 4 baada ya dripu ndipo umnyonyeshe. Na kama ugonjwa wako ulikuwa mkali kabla ya mimba, daktari anaweza kukushauri urudi kwenye dawa kali mara moja na mtoto apewe maziwa mengine. Ukifanya hivyo hujamnyima mtoto kitu. Umempa mama anayeona na kutembea.

Chanjo za mtoto. Kama ulipata rituksimabu au natalizumabu mimba ikiwa kubwa, mwambie mkunga kabla mtoto hajachanjwa. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anayopewa akizaliwa ni za vijidudu hai, na huenda mtoto akahitaji kupimwa damu kwanza.

Kukandwa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna daktari aliyeniambia. Mama mkwe wangu alitoka Rungwe na ndizi mkungu mzima kuja kuniuguza uzazi wa kwanza. Siku ya 3 akachemsha maji, akachovya taulo, akanikanda tumbo, kiuno, mgongo. Maji yalikuwa ya moto kweli, na jiko la mkaa liko pembeni, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Nikaanza kumwona kwa jicho moja. Nilipotaka kuinuka miguu haikuwepo. Nilimwambia, "Mama, sioni." Akalia, akadhani ameniua.

Haikuwa shambulio. Joto likiingia mwilini, neva zilizochunika zinashindwa kupitisha ujumbe, ukipoa zinarudi. Nilifunguliwa mlango, nikawekewa kitambaa cha maji baridi shingoni, baada ya nusu saa macho yakarudi. Lakini kama ningekuwa nimesimama na mtoto mkononi? Kwa uzazi wa pili tulikubaliana mapema. Nilimweleza nikiwa bado na mimba, si siku ile, na nilimweleza kwa heshima: "Mama, mkono wako nautaka, joto ndilo silimudu." Akanikanda kwa maji ya uvuguvugu, mlango wazi, jiko nje. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua hata wasio na MS. Alipomaliza nilimwambia ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, akacheka.

Mazungumzo hayo usiyaache mpaka uchungu uanze. Mama anayekuja kuuguza uzazi anakuja na upendo na utaratibu wake, na mgonjwa aliyelala hana nguvu ya kubishana.

Kumshika mtoto. Vidole vyangu havisikii joto vizuri, kwa hiyo maji ya kumwogesha nayapima kwa kiwiko, kisha mtu mwingine anahakiki. Kila kitu cha mtoto kikae chini: mkeka, godoro dogo, beseni, nepi. Mtoto hawezi kuanguka kutoka mkekani. Mbeleko mgongoni nimeiacha kabisa; nikiyumba naangukia naye, na milima yetu hii wakati wa mvua hata wenye miguu mizima wanateleza. Nambeba mbele nikiwa nimekaa. Usiku, baba au dada wa kazi ndiye anayemleta mtoto kitandani na kumrudisha. Wewe nyonyesha na ulale. Usingizi katika miezi hii ni sehemu ya matibabu, na shemeji yangu ilibidi aelezwe hivyo mara 3 ndipo akaacha kusema nimedeka.

Moyo. Wenye MS tunapatwa na sonona baada ya kujifungua mara nyingi kuliko wengine. Ukijikuta hulali hata mtoto akilala, huna hamu naye, au mawazo yanakwambia wangebaki salama bila wewe, mwambie mtu leo, halafu kliniki kesho asubuhi. Inatibika, na zipo dawa zake zinazokwenda na kunyonyesha.

Kurudi kwa daktari wa neva. Panga tarehe hii kabla hujajifungua. Wiki ya 4 hadi ya 6 zungumza naye, hata kwa simu: dawa inarudi lini, ipi, na MRI ya kulinganisha ifanywe lini. Kama sindano zinatoka Dar, ziagize ukiwa na mimba ya miezi 8, maana baada ya hapo hutakuwa na mikono wala akili ya kufuatilia kiboksi cha barafu stendi. Mimi tarehe yangu niliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, juu ya meza ya nepi, na chini yake namba ya simu ya mtu wa kunisindikiza.